Shasi ya gari ya kooperative: bulo zinakazwa mwisho, gari ikiwa chini



Mara hii tunaweka jembe na mbegu pembeni kidogo, tuongee juu ya gari. Kiazi kikisha kutoka udongoni hakingoji. Kabeji haingoji. Kahawa na kakao zinaweza kungoja siku chache, lakini mnunuzi hangoji. Kooperative nyingi za hapa kwetu ziko na gari moja tu, mara nyingi Land Cruiser pikapu ya zamani. Jua la Desemba likifika, njia zikianza kukauka na mavuno yakiisha kutoka, watu wanaifungua ndani ya parsele ya kooperative ili waitengeneze upya kabla mvua ya mwezi wa tatu haijarudi.

Hapo ndipo linatokea swali ambalo memba wanatuuliza kila mwaka: "Tulichanga makuta, tukanunua resori mpya na silembloki mpya, fundi akazifunga zote. Miezi mitatu tu, kelele imerudi na gari inavuta upande mmoja. Je, walituuzia vipande vya uongo?"

Inawezekana, vipande vibaya vipo sokoni. Lakini mara nyingi kipande kilikuwa kizuri, ila kilikazwa wakati usiofaa. Sisi ni waagronome, si mekanisie. Haya tunayoandika tumeyapata kwa mafundi wa hapa Bunia wanaotunza gari za kazi yetu, na ndani ya vitabu vya hizo gari. Tunayaandika ili komite iweze kufuata kazi ya fundi na kujua jambo la kuuliza.

Shasi ni nini

Chukueni ngazi ya kupandia juu ya nyumba, muilaze chini. Hiyo ndiyo shasi ya Land Cruiser au ya Land Rover ya zamani: vyuma viwili virefu toka mbele mpaka nyuma, na vyuma vifupi vinavyoviunganisha katikati. Juu yake kunakaa injini, kabini na sanduku la mizigo. Chini yake kunaning'inia daraja la mbele na daraja la nyuma, yaani vile vyuma vinavyobeba magurudumu.

Kati ya shasi na daraja kuko resori. Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1984, iko na resori za lamu nyuma, zile mbao ndefu za chuma zilizopangwa moja juu ya ingine. Pikapu za HZJ75 ziko na lamu hata mbele. Zile za HZJ79, zilizoanza mwaka 1999, mbele ziko na resori za kuzunguka, na vyuma vya kushika daraja lisikimbie. Jueni gari yenu ni ya namna gani kabla ya kumtuma mtu kununua vipande, juu vipande vya mbele vya hizo mbili havifanani.

Kila mahali chuma kinacheza na chuma kingine, kuko silembloki: mpira mgumu ulioshikana na bomba dogo la chuma ndani yake. Bulo inapita katikati ya hilo bomba. Ni kipande kidogo, lakini maneno yetu mengi ya leo yanakihusu.

Kwanza kupima, ndipo kufunga

Shasi ikiwa uchi, msikimbilie kupaka rangi. Rangi inaficha ufa. Osheni kwanza, sugueni kwa brosi ya waya, kisha mtafute nyufa mahali zinapopenda kuanzia: pale resori inaposhikwa, pale shasi inapopinda kupanda juu ya daraja la nyuma, nyuma ya kabini, na karibu na sanduku la usukani.

Ufa mwembamba jicho haliuoni. Mafundi wa zamani walikuwa na njia isiyo na bei. Pakeni mahali hapo petroli ya taa, muache dakika kumi na tano hivi, mfute mpaka pakauke kabisa, halafu mpake unga wa chaki. Petroli iliyojificha ndani ya ufa itapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mkiuona huo mstari, hapo kuko kazi kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha mpime kama shasi imepinda. Iwekeni sawa juu ya vigingi. Chagueni matundu mawili mbele, moja kushoto na moja kulia, na mawili nyuma yanayolingana nayo. Shusheni kamba yenye jiwe toka kila tundu, muweke alama chini. Sasa pimeni toka alama ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha toka mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kuwa sawa. Vikipishana zaidi ya milimita 5, msifunge kitu. Shasi imepinda, na hakuna resori mpya itakayoinyoosha. Memba yeyote anayejua kupima pembe za shamba au za nyumba anaweza kufanya kazi hii, haiombi diplome.

Kama kuko ufa wa kuchomelea, ulizeni fundi mambo manne. Je, ametoa kamba za batri? Umeme wa kuchomelea unaweza kuua alternateri. Je, ametoboa kitundu kidogo kwenye mwisho wa ufa? Bila kitundu hicho ufa utaendelea kutembea chini ya kazi yake. Je, kipande cha kuongeza nguvu kimekatwa ncha zake mshazari? Kikikatwa wima na kuchomelewa kukata shasi toka juu mpaka chini, shasi itavunjika tena palepale pembeni ya mshono. Na je, mipira ya frene na tanki ya mazuti viko mbali na moto?

Lamu ya resori yenyewe haichomelewi hata siku moja. Chuma chake kimepikwa kwa moto maalum ili kiweze kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea unaharibu ule upishi: mahali pamoja panakuwa laini, pembeni yake panakuwa kama kioo. Lamu iliyovunjika inabadilishwa.

Kwa nini silembloki inakufa mapema

Hapa ndipo neno kubwa la leo. Bulo ya silembloki ikikazwa, lile bomba dogo la ndani linabanwa kabisa, halizunguki tena. Sasa resori ikipanda na kushuka, kinachocheza ni mpira wenyewe: unajisokota kidogo kwenda huku, kidogo kwenda kule, na kurudi katikati. Ukianzia katikati yake, unasokotwa kidogo pande zote mbili na unadumu miaka.

Lakini gari ikiwa imeinuliwa, magurudumu yananing'inia na resori imeshuka mpaka mwisho. Fundi akikaza bulo hapo, ameweka "katikati" ya mpira mahali pasipo pake. Gari ikishushwa chini, mpira unasokotwa papo hapo, hata kabla gari haijatembea. Kutoka siku hiyo haupumziki: gari ikilala umesokotwa, ikitembea unasokotwa zaidi. Ni kama nguo iliyokamuliwa na kuachwa vile imekamuliwa, usiku na mchana. Kila shimo la njia linaongeza. Mpira unapasuka, chuma kinagonga chuma, na tundu la bulo linaanza kupanuka.

Wakulima wa kahawa wanajua jambo hili kwa upande wao. Mche uliopandwa na mzizi mkuu umepinda ndani ya shimo unasimama vizuri, majani ni ya kijani, na aliyeupanda anasifiwa. Kosa linaonekana baadaye, jua likikaza au matunda ya kwanza yakiwa mengi. Silembloki iliyokazwa hewani ni mche wenye mzizi uliopinda. Siku ya kutoka garaji gari haina kelele. Kelele inakuja wakati wa mizigo.

Na kwa gari inayojengwa upya kuko mtego wa pili. Fundi mzuri anajua kwamba lazima ashushe gari kwanza. Basi anafunga resori, daraja na magurudumu, anashusha shasi chini na kukaza. Lakini injini bado iko pembeni, na kabini iko chini ya mti. Shasi tupu ni nyepesi, resori imepanda juu kuliko siku ya kazi. Kukaza hapo ni kosa lilelile, limepungua kidogo tu. Kwa hiyo shikeni neno hili: bulo zote za silembloki zinakazwa mara ya mwisho gari ikiwa juu ya magurudumu yake, injini, kabini na sanduku vikiwa vimerudi mahali pake.

Utaratibu wa kufunga

1. Fungeni mabomba ya frene na ya mazuti kwanza, wakati mkono unapita bila shida. Baadaye injini na kabini vitazuia.

2. Ingizeni silembloki mpya. Msipake grisi wala oili: mafuta yanakula mpira wa kawaida. Maji ya sabuni yanatosha kuuteleza, na yanakauka yenyewe.

3. Ningizeni resori. Upande mmoja unashikwa na bulo moja, upande mwingine unashikwa na vipande viwili vinavyocheza, ambavyo mafundi wanaita jumeli. Jumeli ndiyo inayoacha resori irefuke ikibanwa. Ingizeni bulo na ekuru mpaka zishike kwa mkono, bila kukaza.

4. Wekeni daraja. Katikati ya resori kuko kichwa cha bulo kinachoshika lamu zote pamoja. Kichwa hicho lazima kiingie ndani ya tundu lake kwenye kiti cha daraja. Tazameni kwa macho, pande zote mbili. Kisipoingia, daraja litakaa mshazari na gari itatembea kama kaa.

5. Fungeni zile bulo zenye umbo la U zinazobana resori na daraja. Ziwe mpya. Bulo ya U iliyokwisha kukazwa na kubeba miaka imeshavutika, haitabana tena vile inavyopaswa. Kazeni kwa msalaba, moja mbele kushoto, moja nyuma kulia, kidogo kidogo, mpaka nyuzi zinazotokea chini ya ekuru zilingane. Hizi hazina mpira, kwa hiyo zinaweza kukazwa sasa.

6. Fungeni amortisere na vyuma vya usukani. Amortisere yenye mpira nayo iachwe bila kukazwa kabisa.

7. Rudisheni injini, sanduku la vitesi, kabini, sanduku la mizigo. Wekeni magurudumu, mushushe gari mahali palipo sawa.

8. Watu wawili wasimame nyuma, wairukishe gari mara kadhaa, kisha mbele vilevile. Isukumeni mita chache mbele na nyuma. Resori imekaa sasa. Hapo ndipo mkaze bulo za silembloki zote, za resori, za jumeli, za amortisere na, kwa HZJ79, za vile vyuma vinavyoshika daraja la mbele.

Bulo gani, na kwa nguvu gani

Tazameni kichwa cha bulo. Kiko na namba. Bulo ya 4.6, ile ya kufungia bati na milango, haina ruhusa ya kukaa kwenye resori. Bulo ya 8.8 inabeba karibu mara mbili ya hiyo kabla ya kukatika, na ya 10.9 inapita hapo. Bulo isiyo na namba yoyote irudisheni dukani. Ekuru zenye duara la plastiki ndani zinafungwa mara moja tu, zikifunguliwa zinatupwa.

Kitabu cha gari kinaandika nguvu ya kukaza kila bulo kwa niutoni-mita. Garaji kubwa ziko na ufunguo unaopima nguvu hiyo. Kooperative nyingi hazinao, lakini ziko na mizani ya kuning'iniza, ile tunayopimia magunia. Inatosha. Kilo 1 ikivuta umbali wa mita 1 toka kwenye bulo inatoa karibu niutoni-mita 10. Kwa hiyo, kama kitabu kinaomba 100, shikeni ufunguo mahali palipo sentimita 50 toka katikati ya bulo, mfunge ndoano ya mizani hapo, mvute polepole mpaka mshale uonyeshe kilo 20. Kama kitabu kinaomba 150, vuteni mpaka kilo 30. Kamba ya kuvuta isimame sawasawa na ufunguo kama pembe ya nyumba, la sivyo hesabu inadanganya. Nyuzi ziwe safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme vingine.

Bomba refu la kuongezea ufunguo, vijana watatu wakiruka juu yake, si kipimo. Bulo inavutika bila kuonekana, na inakatika siku gari imebeba.

Roho ya mtu haina kipande cha kubadilisha

Hakuna mtu kuingia chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota ufunguo. Wekeni vigingi vya chuma au magogo ya mti mgumu yaliyopangwa msalaba. Msiweke matofali ya kuchoma: yanaonekana magumu, lakini yakibanwa yanapasuka ghafla bila kutoa dalili. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe mawe mbele na nyuma. Watoto wa parsele wakae mbali, kazi hii inawavuta sana.

Gari ikisha kutoka

Siku ya kwanza, kabla ya kwenda mbali, pimeni toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vilingane. Tembezeni gari tupu kwanza, kisha na nusu ya mzigo.

Baada ya kilometa 50 mpaka 100 za kwanza, rudieni kukaza zile bulo za U kwa mizani. Rangi na kutu vilivyobanwa katikati vimekaa, na bulo imelegea kidogo bila kosa la mtu. Rudieni tena baada ya kilometa 500. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, kwa sababu gari inatembea na kila mtu amefurahi. Bulo ya U iliyolegea inaacha daraja licheze, ile bulo ya katikati inakatika, na daraja linahama mahali pake gari ikitembea. Fikirini jambo hilo kwenye mteremko wa kwenda Kasenyi, ambako toka Bunia mpaka Ziwa Albert gari inashuka zaidi ya mita 600, magunia nyuma na mama wa soko juu ya magunia. Ama kwenye njia ya Mahagi jua likizama, mahali ambapo hakuna mtu anayependa gari isimame.

Na mzigo uhesabiwe. Magunia 8 ya viazi ya kilo 100 ni kilo 800. Watu 6 juu yake, kila mmoja kilo 60, ni kilo 360. Jumla ni kilo 1,160, hata kama kwenye daftari mliandika "magunia 8". Resori haijui kama kinachoibana ni kiazi au ni mtu.

Kazi ya komite

Gari ni mali ya memba wote, hata ya yule mama anayeleta gunia moja kwa msimu. Kwa hiyo tunaomba komite ifanye mambo matatu. Iweke daftari ya gari: tarehe, kilometa, kipande kilichobadilishwa, bei, na siku bulo zilipokazwa tena. Iombe fundi arudishe vipande vya zamani, vionekane na memba kabla ya kutupwa. Na imlipe fundi kwa sehemu mbili: ya kwanza gari ikitoka, ya pili baada ya kukaza kule kwa kilometa 500. Fundi mwema hatakataa, maana na yeye anataka kazi yake idumu. Shofere naye awe hapo siku ya kukaza, ajue kila bulo iko wapi.

Kama kooperative yenu inafungua gari katika jua hili, mpeni taarifa moniteri wa kilimo wa eneo lenu. Atakuja na kamba, chaki na karatasi hii, mpime pamoja shasi kabla makuta ya memba hayajatoka kununua kipande hata kimoja.